Kwenda kutazama hoki ya barafu kwenye theluji: mwongozo kwa anayetoka Uganda

Ukifika Canada au kaskazini mwa Marekani mwezi wa kumi na mbili, wenyeji wako watakuvalisha. Watakupa koti, kofia na glavu, na kwa siku chache utaona baridi inavumilika, kwa sababu unatoka kwenye nyumba yenye joto unaingia kwenye gari lenye joto, ukishuka garini unaingia dukani. Halafu mtu anakwambia: "Jumamosi kuna mechi ya hoki nje, twende." Hapo mambo yanabadilika. Mechi ya hoki ya nje ni kukaa palepale karibu saa tatu, mara nyingi jua limeshatua, kwenye kiti cha plastiki au chuma, miguu imekanyaga zege lililoganda. Nguo zinazomtosha mtu anayetembea hazimtoshi anayekaa. Karibu kila ninachokueleza hapa kinatokana na jambo hilo moja, na namwandikia mtu ambaye bado yuko Kampala, Mbarara au Arua, mwenye viza mkononi na wiki chache za kujiandaa.

Nataka uende. Wengi wetu tunakaa kule miaka bila kukanyaga uwanja wa hoki kwa kuiogopa baridi, na tunakosa kitu ambacho wenyeji wanakipenda kama sisi tunavyoipenda Cranes, timu yetu ya taifa ya soka.

Kwanza, ulizia ni mechi ya namna gani

Mechi za nje ziko za aina mbili, na maandalizi yake hayafanani.

Aina ya kwanza ni ile mikubwa ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Canada na Marekani. Ligi hiyo kwa kawaida huchezwa ndani ya majumba, lakini kila msimu mechi chache hupelekwa kwenye viwanja vya wazi vya mpira. Tarehe 22 Novemba 2003 Edmonton Oilers waliwakaribisha Montreal Canadiens katika uwanja wa Commonwealth, Edmonton. Watu 57,167 walikaa nje kwenye baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na kwa upepo mwili uliihisi kama 30 chini. Kipa wa Montreal, José Théodore, alicheza akiwa amevalia kofia ya sufu juu ya helmeti yake. Tangu tarehe 1 Januari 2008 kuna pia Winter Classic ya Mwaka Mpya, iliyoanzia karibu na Buffalo huku theluji ikidondoka uwanjani. Ile ya Minneapolis ya tarehe 1 Januari 2022 ilianza kwenye nyuzi 21 hivi chini ya sifuri. Ile ya Ann Arbor, Michigan, mwaka 2014, ilijaza watu 105,491. Uwanja wetu wa Namboole ungejaa mara mbili na bado wengine wangebaki getini.

Aina ya pili ni hoki ya mtaani. Miji mingi ya Canada ina viwanja vidogo vya barafu katika mitaa, ambapo watu humwaga maji wakati wa baridi na kuyaacha yagande. Watoto, wazee, wanawake kwa wanaume, wote wanacheza hapo. Hakuna tiketi. Unasimama kando ya ubao unaozunguka barafu na kutazama, na mara nyingi kuna kibanda chenye joto cha kubadilishia viatu.

Ushauri wangu ni huu: anza na ya mtaani, hata kama tiketi ya mechi kubwa umeshanunuliwa. Nenda nusu saa, simama, sikiliza mwili wako. Ukishindwa, nyumbani ni karibu. Utajua vidole vyako vinaanza kuuma baada ya dakika ngapi na ni kiatu gani kinapitisha baridi, na utayajua hayo kabla ya kufungiwa katikati ya umati wa makumi ya maelfu.

Soma upepo, usisome nyuzi peke yake

Sisi tunaijua baridi ya Kabale alfajiri, nyuzi 10 hivi, na tunaiita baridi kali. Waliopanda Rwenzori wanajua zaidi kidogo. Lakini kule utakakokwenda kuna tarakimu mbili za kusoma kila asubuhi: nyuzi zenyewe, na ile ya pili inayoonyesha baridi pamoja na upepo. Hiyo ya pili ndiyo ya kuamulia. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 20 kwa saa, mwili unahisi 18 chini. Nyuzi 20 chini na upepo wa kilomita 30, unahisi 33 chini. Sababu ni kwamba mwili hujizungushia hewa nyembamba yenye joto, na upepo unaipeperusha kila inapojikusanya.

Wataalamu wa hali ya hewa wa Canada wanaonya kwamba tarakimu hiyo ikifika 28 chini, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika 40 chini, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, mimi naweka mpaka kwenye 25 chini. Ikizidi hapo, tazameni kwenye televisheni.

Afya, kabla hujapanda ndege

Hapa naomba usipite haraka. Katika upimaji wa kitaifa wa selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita siko seli, uliofanywa Uganda mwaka 2014 na 2015, zaidi ya asilimia 13 ya watoto wachanga waliopimwa walikutwa wamerithi jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja. Hao kwa kawaida wanaishi bila shida. Lakini mwenye ugonjwa wenyewe, baridi inaweza kumletea maumivu makali ya mifupa, kwa sababu mishipa ya damu inaposinyaa, chembe za damu zenye umbo la mundu zinakwama. Mgonjwa wa siko seli asiende kukaa nje saa tatu kwenye theluji, na asione haya kumwambia mwenyeji wake sababu. Kama hujui hali yako, pima ukiwa bado nyumbani.

Mwenye pumu naye amwone daktari kwanza. Hewa baridi na kavu inabana kifua ghafla. Abebe dawa yake ya kuvuta mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu kopo likipoa sana halitoi dawa vizuri.

Kipi ununue Owino, kipi ununue kule

Koti unaweza kulipata Kampala. Mitumba inayofika Owino hutoka nchi zenye baridi, na makoti mazito huletwa pamoja na mashati. Hayana wateja wengi, kwa hiyo bei inapungua ukiongea vizuri. Muuzaji atakuuliza, "Mama, hili utalivaa wapi?" Mwambie, akutafutie na mengine aliyoyaficha chini.

Likague hivi. Livute zipu juu na chini mara kadhaa, maana zipu ikikwama kwenye baridi hutaweza kuitengeneza na glavu mkononi. Libane kwa viganja viwili halafu liachie: likijaa tena polepole, manyoya ya ndani bado yana uhai. Likibaki limelala, au ukigusa madonge pembeni na utupu katikati, lirudishe. Liwe na kofia yake yenye kamba ya kukaza, mikono inayobana kwenye kifundo, na urefu wa kufunika makalio, kwa kuwa utakalia. Chukua saizi moja zaidi ya yako ili sweta mbili zienee ndani.

Sweta za sufu nazo zipo Owino tele. Jinzi usizitegemee. Pamba ikilowa theluji inashika maji na kukupoza.

Viatu, la. Nunua kule. Gamubuti zetu zinazuia maji na kuingiza baridi. Buti la mapambo lenye manyoya juu na soli nyembamba chini litakuangusha. Unataka buti lenye soli nene, lenye kitambaa kizito ndani kinachochomoka, na lenye nafasi ya kuchezesha vidole. Uliza maduka ya mitumba ya kule, wanayo kwa bei nafuu. Na koti lako usilifungie kwenye begi la kuingia chini ya ndege. Lishike mkononi kuanzia Entebbe, kwa maana baridi inakupokea mlangoni mwa uwanja wa ndege wa kule.

Kuvaa: anzia chini

Watu huanza na koti na kumalizia na soksi zozote. Wewe geuza. Anayekaa anapoteza joto kupitia miguu na makalio, kwa hiyo hapo ndipo pa kuhangaikia.

Vaa soksi nyembamba isiyo ya pamba, juu yake soksi moja nene ya sufu. Ishia hapo. Mtu akivaa soksi tatu ndani ya buti linalobana, damu haishuki vidoleni, na mguu unaganda ukiwa umefungwa kama zawadi. Kaza kamba kwenye kifundo, legeza sehemu ya vidole.

Kuna vifuko vidogo vya joto vinavyouzwa kule karibu kila duka. Ndani yake kuna unga wa chuma. Ukichana nailoni ya nje, hewa inaingia na chuma kinaanza kushika kutu kwa kasi, na kutu hiyo inatoa joto kwa saa kadhaa. Chana robo saa kabla ya kutoka nyumbani, vitikise, uvisikie vikianza kupasha. Vya miguuni vinabandikwa juu ya soksi chini ya vidole, kamwe si kwenye ngozi, kwa kuwa vinaunguza. Vya mikononi vinakaa ndani ya glavu.

Halafu boksi. Hili halimo kwenye orodha za maduka lakini linasaidia kuliko vitu vingi vya bei. Kata boksi nene vipande viwili. Kimoja kalia, kingine kanyagia. Zege la uwanjani linanyonya joto la unyayo muda wote wa mechi, na ile karatasi yenye mikunjo ya hewa ndani inalikata. Kama uwanja unaruhusu mto mwembamba wa sponji, beba huo wa kukalia.

Miguuni, chini ya suruali, vaa nguo ya ndani ndefu ya sufu au nailoni inayobana. Juu yake suruali ya kawaida, na ya juu kabisa isiyopitisha upepo. Kiwiliwili ni hivyohivyo: ya kuondoa jasho kwenye ngozi, ya kuhifadhi joto, ya kuzuia upepo. Ukisikia jasho njiani, fungua zipu mara moja. Jasho la njiani ndilo linalokupoza ukishakaa.

Glavu zisizotenganisha vidole zina joto kuliko zenye vidole vitano, maana vidole vinapashana. Vaa nyembamba ndani yake ili ukitoa ile kubwa kushika simu usibaki mtupu. Kofia ifunike masikio kabisa. Akina dada waliosuka rasta au wenye wigi, hakikisheni kofia inashuka hadi kwenye shavu, kwa kuwa nywele nyingi huipandisha na masikio yanabaki nje. Skafu ifunike pua. Baada ya muda pumzi yako itaganda juu ya kitambaa kama unga mweupe. Hapo izungushe upate upande mkavu.

Mafuta ya shea kutoka kaskazini kwetu yabebe bila kukosa. Midomo na mikono inapasuka kule ndani ya siku mbili. Lakini usidanganyike: mafuta yanazuia ngozi isipasuke, hayazuii isigande. Kinachozuia ni kuifunika.

Siku yenyewe

Kula vizuri saa moja kabla, chakula kizito chenye mafuta kidogo. Mwili unachoma chakula kupata joto, na mwenye njaa hutetemeka mapema. Kunywa maji pia. Pombe iache hadi urudi, hata wenyeji wakikusisitiza. Inafungua mishipa ya ngozi, unajisikia moto wakati joto la ndani linatoka.

Tiketi siku hizi iko kwenye simu, na betri ya simu inakufa kwenye baridi hata ikiwa na nusu ya chaji. Iweke mfuko wa ndani, kifuani, na usiitoe hadi mlangoni. Soma masharti ya uwanja kuhusu mabegi na chupa za chai, maana viwanja vikubwa vingi vinakataa mabegi ya kawaida. Ondokeni mapema. Mwishoni mwa Desemba jua la Edmonton linazama saa kumi na robo hivi, na likizama nyuzi zinashuka.

Njiani na kwenye ngazi, tembea hatua fupi, unyayo ukishuka mzima, mikono nje ya mifuko ili ujishike ukiteleza. Barafu nyeusi isiyoonekana juu ya lami ndiyo mbaya zaidi.

Ukiwa kwenye kiti

Katika viwanja hivi vya mpira barafu imewekwa katikati, kwa hiyo watazamaji wako mbali. Siti za chini kabisa si bora kama ulivyozoea kwenye soka, kwa sababu ubao unaozunguka barafu unakuziba. Chagua za juu kidogo, zenye ukuta nyuma unaokata upepo. Barafu yenyewe, ya unene wa sentimita tano hivi, imegandishwa kwa mabamba yanayopitisha maji maalumu ya baridi kutoka kwenye mtambo wa lori. Ajabu yake, jua na mvua vinawasumbua waandaaji kuliko baridi.

Kama hoki uliyoiona ni ile ya uwanja wa kawaida usio na barafu, ya Lugogo pale Kampala, utashangaa kasi. Kila upande una watu sita pamoja na kipa. Wanabadilishana kila baada ya chini ya dakika moja bila mchezo kusimama, na aliyetoka anarudi tena na tena. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, saa inasimama kila filimbi ikilia. Anayecheza rafu anakaa nje kwenye kibanda dakika mbili, au tano kama ni kubwa, na wenzake wanacheza pungufu. Dakika hizo zitazame sana, mabao mengi huja hapo. Mstari wa buluu ndio wa kuotea: mshambuliaji haruhusiwi kuuvuka kabla ya kisahani, kile kidude bapa kinachopigwa badala ya mpira. Katika mechi za nje timu zimekuwa zikibadilishana magoli katikati ya kipindi cha tatu, ili hakuna anayeumizwa na upepo kuliko mwenzake. Zikifungana, kuna dakika tano za nyongeza, wachezaji watatu kwa watatu mbali na makipa, kisha mikwaju.

Kile kisahani kimetengenezwa kwa raba ngumu, kina uzito wa gramu 156 hadi 170, na hugandishwa kabla ya mchezo kisidunde. Ukisikia kikigonga ubao, mlio wake ni mkavu kama risasi. Mwaka 2002 msichana wa miaka 13 aliyekuwa akitazama mechi mjini Columbus, Ohio, alifariki baada ya kupigwa nacho, ndipo NHL ikaagiza nyavu nyuma ya magoli yote. Viwanja vya mtaani vingi havina nyavu hizo. Ukisimama pale, usisimame nyuma ya goli, mtoto asitangulie mbele yako, na macho yabaki kwenye kisahani hata mkiongea.

Mchezaji akifunga mabao matatu, utaona watu wakirusha kofia zao kwenye barafu. Ni heshima ya zamani. Piga makofi na kofia yako ibaki kichwani.

Chezesha vidole vya miguu ndani ya buti muda wote. Wakati wa mapumziko, ambayo ni kama robo saa, simama na utembee hadi ndani penye joto. Chooni nenda mchezo ukiendelea, dakika chache kabla ya kipindi kuisha, maana foleni ni ndefu na nguo zako ni nyingi. Chokoleti ya moto inashikwa kwa mikono miwili kabla haijanywewa.

Dalili ambazo hupaswi kuzipuuza

Vitabu vingi vinasema ngozi inayoganda hugeuka nyekundu kisha nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo ni mgumu kuuona. Tafuta rangi ya kijivu kama majivu, ngozi inayong'aa kama nta, na zaidi ya yote, ganzi. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma bila kupashwa, hicho si nafuu. Ingia ndani mara hiyohiyo. Angalianeni nyuso na wenzako kila mapumziko: pua, ncha za masikio, mashavu.

Usisugue mahali hapo, na kamwe usipake theluji. Kidole kitie kwapani. Ukishafika ndani na huna haja ya kutoka tena, kitumbukize kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 40, yajaribiwe na mtu mwenye mkono mzima, kwa kuwa wako hausikii. Moto wa jiko na hita viache, vitakuunguza bila kujua.

Mtu akitetemeka bila kujizuia, akianza kuongea kama mlevi, akijikwaa au kusema anataka kulala, mwili wake umepoa kupita kiasi. Mechi imekwisha kwenu. Mwingizeni ndani, mvueni kilicholowa, mfunikeni, na pigeni simu ya dharura, ambayo Canada na Marekani ni 911.

Watoto wachanga wabaki nyumbani na shangazi. Hawawezi kukwambia kwamba hawasikii vidole.

Kurudi

Dakika ishirini za kutoka uwanjani ni hatari kuliko watu wanavyodhani: umechoka, vifuko vya joto vimeisha, na basi linachelewa. Acha jozi moja ya vifuko vipya kwa ajili ya hapo, na kama mnasubiri gari, msisimame kwenye theluji, tafuteni ukumbi au kituo chenye kuta.

Ukifika, vua buti na uchomoe kile kitambaa cha ndani kikauke usiku kucha, kwa sababu unyevu wa leo ndio baridi ya kesho. Paka shea mikononi na usoni. Kagua vidole vya miguu kimoja kimoja kwenye taa. Kikiwa na malengelenge, au ganzi ikiwa haijatoka baada ya kupata joto, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje asubuhi.